Mbwa Wako Amezeeka: Namna ya Kumchunguza na Kumtunza Nyumbani

Kaskazi ikishaanza kuvuma na joto kupanda, watu huniletea maswali yale yale. Mlinzi wa nyumba moja ya Mbweni, hapa Unguja, anasema mbwa wake analala kutwa. Mwenye shamba anasema wake amekonda, na chakula anakula. Kijana wa hoteli ya Jambiani anataka kujua ampe Panadol ngapi. Na karibu wote humalizia kwa neno moja: "Au ni uzee tu?"

Neno hilo nami nililisema, juu ya Doria, mbwa jike aliyelinda shamba letu la Dole kwa miaka 11. Mwezi wa Februari alianza kunywa maji mengi, nikasema joto. Machi akaanza kukonda, nikasema uzee. Nilipompeleka kwa daktari Mei, figo zilikuwa zimeshachoka sana. Daktari aliniuliza mambo matatu tu: anakunywa maji kiasi gani kwa siku, uzito wake ulikuwa kilo ngapi mwaka jana, na mabadiliko yalianza lini. Sikuwa na jibu hata moja. Mwongozo huu ni kwa ajili yako ili wewe uwe nayo yote matatu.

Kwanza tujue nani mzee. Mbwa wetu wa kawaida, wa kilo 15 hadi 20, mhesabu mzee kuanzia miaka 8. Wale wakubwa wenye damu ya German Shepherd, anza kuwaangalia kwenye miaka 6 au 7. Wadogo huchelewa, hata miaka 10. Kama hujui amezaliwa lini, mvi za mdomoni na meno yaliyosagika yatakupa fununu, lakini usijisumbue kutafuta mwaka halisi. Muhimu ni kujua alivyokuwa mwezi uliopita na alivyo leo.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la skuli na kalamu. Usitegemee kichwa.
- Futi ya fundi cherehani.
- Mizani ya kusimama ya nyumbani, au ile ya kuning'iniza. Iwe yako, usiazime ya muuza samaki wala ya mtu yeyote anayepimia chakula.
- Kipimajoto cha kidijitali, cha mbwa peke yake, pamoja na mafuta ya mgando.
- Chupa tupu ya maji ya lita 1.5.
- Bakuli zito la maji lisilopinduka, na jengine la chakula. Vyombo vyake vikae mbali na vya nyumbani.
- Glavu, sabuni na kibano.
- Ndoo ya udongo safi na maji ya kutosha, kwa ajili ya kujitoharisha. Wengi wetu ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi, na mate ya mbwa tunayaosha mara saba, moja kwa udongo. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu nimeona watu wanaowapenda mbwa wao lakini hawawagusi miaka nenda miaka rudi, wakachelewa kuona uvimbe uliokuwa wazi chini ya tumbo. Panga maji na udongo kabla, vaa nguo ya kazi, umshike, kisha ujitoharishe. Mbwa wa ulinzi na wa shamba anafugwa kwa ruhusa, na akifugwa ana haki ya kutunzwa.
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo. Wengi tunamwita daktari wa ng'ombe, na ndiye huyo huyo. Kama humjui, muulize mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliye karibu nawe au nenda ofisi ya mifugo ya wilaya. Piga simu sasa, mbwa akiwa mzima, uulize kama anatibu mbwa na kama huja nyumbani. Namba inayotafutwa saa nne za usiku haipatikani.

Hatua kwa hatua

1. Andika alivyo leo.
Chagua siku moja ya wiki. Andika: anakula vipi, anaamka vipi, anakojoa mara ngapi, choo chake kikoje, anabweka au amenyamaza, anakuja akiitwa au anachelewa. Mistari mitano inatosha. Kama sasa ni mzima, huu ndio wakati mzuri kuliko wote, kwa sababu ukurasa huu wa kwanza ndio utakaolinganishia kurasa zote zitakazofuata.

2. Pima uzito.
Simama juu ya mizani peke yako, andika. Mbebe mbwa, simama tena, andika. Toa cha kwanza katika cha pili. Asiyebebeka mpime kwa futi: zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, na tena kiunoni. Kisha pitisha viganja ubavuni. Mbavu zigusike kwa urahisi chini ya ngozi, kama unavyogusa mgongo wa kiganja chako. Zikichomoza kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ukizitafuta na kuzikosa, amenenepa, na viungo vyake vinabeba mzigo usio wao.

Pima kila mwezi. Mbwa wa kilo 18 akishuka hadi 16 ndani ya miezi michache, na hukumpunguzia chakula, huo ni ugonjwa unaotafutiwa jina. Kosa la kawaida hapa ni kumwongezea chakula na kungoja. Chakula ongeza ukitaka, lakini daktari aone.

3. Hesabu pumzi akiwa amelala fofofo.
Tizama kifua kinapanda mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Akiwa usingizini, asizidi 30 kwa dakika. Hesabu usiku tatu mfululizo. Usihesabu akiwa anahema kwa joto wala akiwa anaota na kutikisa miguu, utapata namba ya uongo. Ikizidi 30 usiku hadi usiku, na hasa kama anakohoa akilala, moyo au mapafu yanalalamika.

4. Tizama ufizi na meno.
Inua mdomo wa juu ubavuni, usiufungue wote. Ufizi uwe wa waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia: rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Wako wenye ufizi mweusi kwa maumbile. Hao shusha kidogo kope ya chini ya jicho, utaona rangi humo. Ufizi mweupe kama karatasi, wa manjano au wa buluu ni wa kupiga simu siku hiyo hiyo.

Harufu mbaya sana ya mdomo si kawaida ya mbwa kama tunavyodhani. Mara nyingi ni meno yaliyooza, na mbwa mwenye jino bovu hula upande mmoja, huangusha chakula, au husogea kwenye bakuli na kurudi nyuma. Watu husema "hana hamu". Hamu anayo, mdomo ndio unaouma.

Onyo: mbwa anayedondosha mate, taya limelegea, hawezi kumeza na tabia imebadilika ghafla, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Kichaa cha mbwa huweza kuja kwa sura hiyo ya unyonge. Mfungie, zuia watoto, mwite daktari wa mifugo. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali hapo hapo kwa ajili ya chanjo.

5. Pima maji.
Hatua hii ndiyo ninayokuomba usiiruke hata kama utaziruka zote. Saa moja asubuhi, jaza chupa ya lita 1.5, mimina kwenye bakuli, andika. Ukiongeza, ongeza kwa chupa hiyo hiyo. Kesho saa moja, rudisha kilichobaki kwenye chupa uone kimepungua kiasi gani. Hakikisha kuku na paka hawanywi humo, na funika ndoo na madimbwi mengine, maana mbwa hunywa popote.

Sasa hesabu: mbwa asizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa 24. Wa kilo 15, chupa yako moja nzima ndiyo mpaka, na kwa kawaida hunywa chini ya hapo sana. Siku moja ya jua kali haihesabiki. Siku tatu mfululizo juu ya mpaka, mpigie daktari. Inaweza kuwa figo, inaweza kuwa kisukari, na kwa jike ambaye hakufungwa kizazi inaweza kuwa usaha ndani ya kizazi, jambo nitakalolirudia chini.

Kosa kubwa, na nimeliona mara nyingi: mbwa mzee anaanza kukojoa kibarazani usiku, mwenyewe anaondoa bakuli magharibi ili asikojoe. Mbwa mwenye figo dhaifu hanywi kwa tamaa. Figo zake haziwezi tena kukoleza mkojo, maji yanampita tu, na anakunywa kufidia. Ukimnyima unamkausha, na figo zilizobaki zinaharibika mbio zaidi. Acha maji usiku kucha. Mtoe nje mara ya mwisho kabla hujalala, na tandika magunia anapokojoa.

6. Mpapase mwili mzima.
Anza masikioni, shuka shingoni, kwapani, tumboni, mapajani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Unatafuta vitu viwili, kupe na vinundu.

Kinundu laini kinachoteleza chini ya ngozi mara nyingi ni mafuta tu, na wazee huwa navyo. Kigumu, kilichong'ang'ania chini, kinachokua au kinachotoka kidonda, hicho cha daktari. Pima kwa futi, andika upana na mahali, pima tena baada ya wiki mbili. Kwa jike, vinundu kwenye mistari ya matiti usivisubirie hata hizo wiki mbili. Na uvimbe wenye damu damu kwenye sehemu za siri, dume au jike, usione haya kuusema: ni saratani inayoenea kwa kupandana, na mara nyingi hupona vizuri kwa sindano zinazochomwa kila wiki kwa wiki kadhaa.

Kucha nazo zitizame. Mzee asiyetembea sana kucha humrefukia mpaka zikajipinda, na kila hatua inakuwa maumivu. Kata ncha kidogo kidogo.

7. Mwangalie anavyoinuka asubuhi.
Jifiche kidogo asikuone akachangamka kwa ajili yako. Anaanza na miguu ipi? Anajikokota hatua ngapi kabla ya kulainika? Anakwepa ngazi za kibaraza? Analamba goti au kifundo kimoja kila mara? Hiyo mara nyingi ni baridi yabisi, na ina dawa ya mbwa ya kupunguza maumivu. Mrikodi kwa simu, sekunde 30 tu. Daktari atajifunza humo kuliko katika maelezo yako, kwa sababu mbwa akifika mbele ya mgeni hujikaza.

8. Rekebisha chakula.
Gawa mlo mmoja wa usiku uwe miwili midogo, asubuhi na jioni. Mimi hupika wali wa mapembe au viazi vitamu mpaka vilainike, nachanganya na samaki aliyetolewa miba au kuku asiye na mifupa, na boga au mchicha kidogo. Theluthi moja nzuri iwe samaki au nyama. Sitii chumvi. Muhogo ukipika, upike ukaive hasa. Mbichi una sumu.

Hapa kwetu chumvi humjia mbwa kwa njia ya dagaa na ng'onda. Dagaa wakavu loweka, mwaga maji, loweka tena, mwaga, ndipo upike. Ng'onda na papa mkavu acha kabisa kwa mzee.

Na pilau. Najua ilivyo: shughuli imekwisha, sinia limebaki, mbwa anatizama. Pilau ina vitunguu na thomu, na vyote viwili huvunja chembe za damu za mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Ikiwa na zabibu kavu ndiyo mbaya zaidi, maana zabibu huua figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vigae. Kokwa za embe msimu wa embe zifukie mbali, kwani mbwa humeza kokwa kwa ajili ya utamu wake na utumbo ukaziba. Wa pwani asiachwe kuokota samaki waliotupwa ufukweni: bunju mmoja anatosha kumuua.

Ramadhani ina shida yake. Nyumba nzima inageuza saa za kula, na mbwa anajikuta hana kitu kutwa, kisha usiku anatupiwa sambusa, kachori na bajia zilizobaki. Mafuta mengi kwa mpigo mmoja huweza kumwasha kongosho, akatapika na kukunja mgongo kwa maumivu. Mpikie chake alasiri wakati futari iko jikoni, na asubuhi mwekee kilichobaki. Maji yasikosekane mchana.

9. Tengeneza pa kulala.
Zege ni gumu wakati wote na baridi wakati wa kipupwe. Jaza gunia kwa usumba, lishone, uliinue kidogo juu ya mbao. Kila wiki lianike juani. Viwiko vyenye sugu na vidonda vitapungua.

Wakati wa kaskazi, angalia kivuli kinavyotembea. Mbwa aliyefungwa kamba kwenye kivuli cha asubuhi, saa nane anakuwa juani, na chini ya bati pasipopita upepo ni tanuri. Mtembeze alfajiri au baada ya magharibi. Weka kiganja chako juu ya mchanga au lami: kama huwezi kuhesabu mpaka saba, naye asikanyage.

10. Chanjo, minyoo na kupe.
Watu husema mzee haendi mbali, chanjo ya nini. Kisa cha Pemba kinajibu. Baada ya chanjo za kisiwa kizima za kila mwaka, kichaa cha mbwa kilimalizika kule kufikia Mei 2014. Kisha chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kisiwani mara mbili, ukaenea, na haukuisha mpaka Oktoba 2018, baada ya chanjo kurudishwa. Mbwa mgonjwa ndiye anayekuja kwa mzee wako aliyelala mlangoni, na wako hana tena mbio za kumkwepa. Mchanje, hifadhi kadi ndani ya daftari.

Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, basi hatua ya pili itakusaidia hapa. Na si kwa faida yake tu. Safura wa mbwa huacha vibuu mchangani, na vibuu hao ndio wanaochora mistari ya kuwasha kwenye nyayo za watoto.

Kupe huzidi masika. Washike kwa kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, watie kwenye maji ya sabuni. Usiwapasue kwa kucha. Dawa tumia ya mbwa. Ile ya kuogeshea ng'ombe ni kali na kipimo chake si cha mbwa, na mafuta ya taa na oili chafu ni sumu inayoingia kwa ngozi na kwa ulimi akijilamba. Kama nyumbani una paka, mwambie muuza dawa, kwa kuwa baadhi ya dawa za kupe za mbwa huua paka.

11. Ukimpeleka kwa daktari.
Daladala haitakuchukua, panga gari ya mtu mapema, au muombe daktari aje kama anavyokwenda kwa ng'ombe. Beba daftari, video, kadi ya chanjo, na kila dawa uliyokwisha kumpa, hata zile unazoona aibu kuzisema. Kama tatizo ni maji au mkojo, beba mkojo wa asubuhi: funga kikombe safi kwenye fimbo, mfuate nyuma taratibu, kinga, mimina kwenye kichupa chenye kifuniko, ufike nacho ndani ya saa chache.

Uliza maswali yako kabla hajafunga mkoba: dawa hii ni ya nini, mpaka lini, nini kikitokea nisimamishe.

Dawa za binadamu: usimpe

Naliandika peke yake kwa sababu ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Hapana, usimpe Panadol. Mwili wa mbwa haumudu kuivunja kama wetu. Ini linaumia na damu inashindwa kubeba hewa. Ibuprofeni na diklofenaki, vile vidonge vya mgongo vilivyojaa kila duka la dawa, humtoboa tumbo na kumfunga figo, na mzee mwenye figo dhaifu kidonge kimoja kinaweza kumtosha. Aspirini pia usibahatishe nayo. Usiseme "nitampa robo". Mbwa wa kilo 15 anayechechemea leo, akimeza diklofenaki, kesho anaweza kuwa anatapika damu, na hapo daktari hawezi tena kumpa hata dawa sahihi ya maumivu mpaka ile itoke mwilini.

Akichechemea leo na daktari yuko mbali: mpumzishe, asiruke, mweke kitambaa cha maji ya vuguvugu juu ya kiungo dakika 10 mara tatu kwa siku, ungoje.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Macho yamekuwa na ukungu wa buluu.* Akiwa bado anakwepa vitu na anaona ukimrushia kitu, mara nyingi ni uzee wa lenzi na hauumi. Weupe mzito kama maziwa ni mtoto wa jicho. Jicho jekundu, linalofumbwa au lililovimba linauma, na haliwezi kungoja wiki.

*Hasikii.* Tizama masikio kwanza: harufu, uchafu mweusi, kutikisa kichwa. Kama ni safi, masikio yamechoka. Kanyaga chini kwa kishindo kabla ya kumgusa, ili asishtuke akang'ata mtoto.

*Usiku anazunguka, analia, anakwama kwenye pembe.* Ubongo nao unazeeka. Mwachie taa ndogo, usihamishe vitu vyake, mtembeze jioni. Lakini mpime maji kwanza, na mtizame anavyoinuka, kwani kiu na maumivu humwamsha mbwa vile vile.

*Ghafla kichwa kimepinda, anaanguka upande mmoja, macho yanachezacheza.* Inatisha, na watu hudhani amekufa nusu. Kwa wazee wengi huanza kupungua baada ya siku chache. Mlaze pa laini, mnyweshe kwa mkono, na daktari amwone akague masikio.

*Homa.* Paka kipimajoto mafuta, kiingize kidogo nyuma ya mkia, mwengine akimshika kichwa. Kawaida ni kati ya 38 na 39.2. Juu ya 39.5 ni homa. Ikiambatana na ufizi mweupe, damu puani au mkojo wa rangi ya chai ya rangi, fikiria kupe, umwambie daktari hivyo.

*Kidonda kina funza.* Nyoa manyoya pembeni, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Toa funza kwa kibano. Funika dhidi ya nzi. Kisha daktari.

*Haya hayangoji asubuhi:* tumbo limevimba kama ngoma na anajaribu kutapika bila kutoka kitu. Anahema mdomo wazi akiwa kivulini na ulimi umegeuka rangi. Degedege la zaidi ya dakika 5, au moja juu ya jengine. Mkojo haumtoki kabisa. Na jike aliyetoka kwenye joto lake, yaani siku za kutaka dume, wiki chache zilizopita, sasa anakunywa sana, hali chakula, ananyong'onyea, iwe usaha unatoka nyuma au hautoki. Ule usiotoka ndio hatari zaidi, kwa sababu kizazi kimefunga na kinajaa ndani. Kwa mbwa aliyepatwa na jua, mtie kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya kisima mwili mzima, mpepee, huku gari ikitafutwa.

Akifika mwisho

Kuna siku daftari litakuonesha. Siku ya tatu hali chakula, hainuki kwenda kukojoa, siku mbaya zimezidi nzuri na dawa zimeshafanya kazi yake yote. Muulize daktari waziwazi kama liko la kufanya. Kama hakuna, muulize kuhusu sindano ya kumpumzisha, ambayo humlaza usingizi kwanza. Usimpe sumu. Usimpeleke kumtupa msituni; mbwa aliyekulindia nyumba asife akitafuta njia ya kurudi.

Chimba shimo la mita 1 au zaidi, mbali na kisima na mbali na mkondo wa maji ya mvua, na juu yake weka mawe mazito ili wengine wasichimbue.

Doria aliishi miezi saba baada ya ile Mei, kwa maji yasiyokatika, chakula kisicho na chumvi na dawa alizoandikiwa. Yuko chini ya mwembe wa nyuma kule Dole. Daftari nililomfungulia siku ile ya daktari halikujaa, na kurasa zilizobaki ndizo ninazoandikia uzito wa mbwa tuliye naye sasa, ambaye mwezi huu ametimiza miaka 8 na ana kilo 17 na nusu.